Machela Ngapi kwa Bomu Moja

Nina hasira za karibu, na wanafunzi wangu wa Bwera, hapa mpakani na Kongo, wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Nalitaja mapema ili msomaji asinishangae huko mbele. Nilizirithi kwa baba, aliyetoka magharibi mwa Kenya kuja kufanya kazi ya saruji, akaoa binti Mkonzo wa milimani, na asirudi tena kwao. Kiswahili changu, mimi bintiye, pia nimekitoa kwake. Kwa ajili ya Kiswahili hicho nilipewa kazi ya ualimu, na kwa ajili ya Kiswahili hicho hicho, mwaka 2017, nilijikuta nimeingizwa katika mambo ya bomu la nyuklia.

Alinipigia simu rafiki niliyesoma naye chuo kikuu. Yeye alikuwa Kampala, katika kikundi kidogo cha walimu wanaofundisha habari za amani. Akaniambia kwamba nchi nyingi zilikuwa zimekutana New York na kukubaliana mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, na kwamba nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizosema ndiyo. Kilichobaki ni kutia sahihi, na mlango wa sahihi ungefunguliwa Septemba. Kikundi chao kilitaka kupeleka barua wizara ya mambo ya nje kabla wajumbe hawajapanda ndege, barua yenye majina ya wananchi wa kawaida kutoka kila pembe, kuiomba serikali isiishie kwenye kusema ndiyo. Akaniuliza kama ningeweza kukusanya majina ya Kasese.

Nilimuuliza kama anajua anachoniomba. Mwaka uliotangulia damu ilikuwa imemwagika mjini Kasese, askari walipovamia jumba la mfalme wa Wakonzo. Kulikuwa na familia zilizozika, na nyingine zilizokuwa bado hazijapata cha kuzika. Vijana wengine walikuwa ndani, wengine walikuwa wamevuka mto na kuingia Kongo, na barabarani vizuizi vya askari viliwekwa na kuondolewa bila mtu kujua lini na wapi. Siku zile orodha ya majina haikuwa kitu cha kutembea nacho. Na huyu bwana alitaka nipite nyumba kwa nyumba na karatasi iliyoandikwa silaha hapo juu, nikikusanya jina, kijiji na namba ya simu.

Akasema kwa upole kwamba basi niache, Kasese wana ya kwao. Hapo ndipo aliponiudhi. Kana kwamba sisi hatuwezi kuwa na neno la kuiambia dunia ila kilio chetu. Nikamwambia alete karatasi zake.

Nilizipeleka Mahango, kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, mjane aliyeishi juu kabisa mahali ambapo hata pikipiki hukata tamaa. Huko mgonjwa hashuki kwa gari. Hubebwa kwa machela, kipoyi kama tunavyoiita, watu wanne wanne wakipokezana miti begani mpaka barabarani. Kila kaya imo katika chama cha machela, na mama mkubwa ndiye aliyekuwa mwandishi wake. Alilitunza daftari la chama katika kitambaa kile kile alichofungia Biblia.

Daftari lile lilikuwa na sheria moja ambayo mgeni angeiona ya ajabu. Kaya huandikwa nzima: aliyeko nyumbani, aliye shuleni, aliyeolewa mbali akarudi, hata yule ambaye hakuna ajuaye alipo. Kila jina lina haki ya kubebwa siku likianguka, na kila jina la mwanamume lina zamu ya kubeba. Jina halikatwi mpaka mwenyewe azikwe, na anayelikata lazima asimame mbele ya wanachama aseme amemkata nani na kwa nini. Kumkata mtu aliye hai ni kumzika mapema.

Nilimkuta mama mkubwa akichambua kahawa. Nikamweleza mkataba kwa Lukonzo, lugha ya upande wa mama, nikihangaika kutafuta maneno. Aliendelea kuchambua. Kisha akaniuliza bomu moja la namna hiyo likianguka Kasese lingefika wapi. Nikamwonyesha kwa mkono bonde lote, Karusandara, ziwa, mpaka kule mlima unakoishia. Akauliza kama wote hao wangekufa. Nikasema wengi wangekufa papo hapo, na wengine wangeungua na kuumwa, wakihitaji hospitali ambayo nayo ingekuwa imeungua.

Akaacha kahawa. Ilikuwa siku ya kwanza kumwona akihesabu kitu kwa vidole vya mikono yote miwili na kurudia.

"Chama chetu kina machela tatu," akasema. "Hao watabebwa na nani?"

Baadaye rafiki yangu wa Kampala aliniambia kwamba hata huko New York wajumbe walibishana juu ya jambo hilo hilo, kwamba hakuna nchi duniani yenye uwezo wa kuhudumia majeruhi wa bomu kama hilo. Mama mkubwa alifika hapo kwa mwendo wa mchambua kahawa. Nilijivunia sana, na majivuno yale ndiyo yaliyonifumba macho.

Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele ya wanachama akawauliza swali lile lile la machela. Hakuna aliyebisha. Lakini walipoona nafasi za majina, mtu mmoja mmoja, walikunja uso. Mtu kuandika jina lake peke yake kwenye karatasi ya serikali, mwaka ule? Mwenyekiti, katekista mstaafu, akasema kama ni chama kinaombwa basi chama kijibu kama chama: kaya kwa kaya, kama daftari lilivyo. Wakakubali kwa sauti moja. Mama mkubwa akaketi akaanza kunakili. Mimi nilikuwa nje nikipiga soga na kunywa uji, nikifurahia jinsi karatasi zinavyojaa. Sikusoma hata moja. Mwalimu wa kusahihisha insha kila siku, na sikusoma.

Nilisoma siku iliyofuata nikiwa nyuma ya bodaboda, tumesimama chini ya mlima mwendeshaji akaze mnyororo. Nilipindua kurasa kwa raha tu. Katikati ya ukurasa wa tatu, chini ya jina la mama mkubwa, kwa mwandiko wake wa kujikaza, nikaona jina la mwanawe.

Huyo ni kaka yangu, kwa hesabu za kwetu. Tulinyonya nyumba moja. Alikuwa mmoja wa waliovuka mto mwaka uliotangulia, siku tatu baada ya watu kuja kumuulizia. Hakuna mtu aliyelitaja jina lake kwa sauti tangu siku hiyo, hata mama yake. Na hapa lilikuwa limeandikwa wazi, pamoja na kijiji, chini ya sentensi inayoanza na silaha. Kwa mama mkubwa kulikuwa hakuna la kujiuliza. Kaya huandikwa nzima.

Nilifikiri kuchana ukurasa ule, lakini nyuma yake kulikuwa na kaya nyingine tano. Nilikuwa bado nafikiri mwendeshaji alipowasha pikipiki, tukakata kona, na mbele yetu kukawa na gogo barabarani na askari kando yake. Jana yake halikuwapo.

Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, na miwani ile ilinitisha kuliko bunduki za wenzake, kwa sababu ilikuwa ya mtu anayesoma. Alichukua bahasha yangu akazitoa karatasi. Akanitazama, akazitazama.

"Mwalimu, hii majina yote ni ya nini?"

Nikamweleza. New York, mkataba, wizara, Septemba. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiwa kama ya mtu anayetunga. Askari mmoja kijana akacheka, akauliza ni nani anataka kurusha bomu la nyuklia Mahango, kwenye migomba. Mkubwa wake hakucheka. Alikuwa anasoma jina moja baada ya jingine, kidole kikiteremka. Kidole kikafika katikati ya ukurasa wa tatu, kikasimama.

"Hii jina najua," akasema.

Alizirudisha karatasi kwenye bahasha na kuiweka chini ya kwapa. Akaniambia nije kesho saa tatu kituoni kwao, na nimlete yule aliyeandika. Hakunipigia kelele. Nilipanda tena mlima ule kwa miguu, sikutaka hata bodaboda, maana nilijua nikifika lazima niseme.

Mama mkubwa alinisikiliza akiwa amesimama. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama avae gauni la kanisani.

Kituo chao kilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza na benchi. Tulifika kabla ya saa tatu, yeye na gauni lake la bluu, daftari la chama limefungwa kwenye kitambaa mapajani. Niliona bahasha yangu mezani. Nilijihesabia wale waliokuwa ndani yake: kaya zote za kilima kizima, watu walioniamini kwa sababu ya swali la mama mkubwa, na sasa yeyote aliyetaka kuwajua walipo angewapata wamepangwa vizuri kijiji kwa kijiji. Mimi ndiye niliyewapanga.

Yule afande aliuliza maswali yake kwa utaratibu, na mama mkubwa akamjibu kwa Kiswahili chake cha mpakani. Ni yeye aliandika. Ni chama cha kubeba bagonjwa. Afande akafungua daftari, akalilinganisha na karatasi, akaona kwamba kweli majina ni yale yale na ya miaka mingi. Nilimwona akilegea kidogo. Kisha akaweka kidole pale pale pa jana.

"Mama, huyu iko wapi?"

"Ni mutoto wangu," mama mkubwa akasema.

"Sijauliza ni nani. Nauliza iko wapi."

Mama mkubwa hajui kusema uongo. Sisemi hivyo kumsifu; ni kama mtu asiyejua kuogelea. Nilimwona akifungua mdomo na nikajua neno litakalotoka ni Kongo, na baada ya neno hilo yangefuata mengine, nani anampelekea chakula, nani anavuka siku za soko, nani kati ya majina haya. Nilipandwa na kitu ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa hasira au woga.

"Alikufa, afande."

Nje mtu alikuwa anapiga redio. Afande akavua miwani na kunitazama mimi, kisha mama mkubwa. Mama mkubwa hakukana. Aliteremka kutoka kwenye benchi polepole akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kama anavyoketi mama aliyefiwa. Sidhani kama alikuwa anaigiza.

"Pole, mama," afande akasema, na nilisikia kwamba alimaanisha. Halafu akasukuma daftari na karatasi upande wetu, na kalamu juu yake. "Lakini mufu hatii sahihi. Toeni yeye, mwende na barua yenu."

Mama mkubwa akaitazama kalamu. Akasema kwa Lukonzo, bila kuinua macho, kwamba nikate mimi. Nikakata. Mstari mmoja kwenye karatasi, mstari mmoja kwenye daftari, yeye akiwa ameketi miguuni pangu.

Bahasha ilifika Kampala siku nne kabla wajumbe hawajaondoka. Nilikwenda nayo mwenyewe, sikumwamini mtu tena. Wizarani mwanamke mmoja nadhifu aliipokea kwa heshima, akagonga muhuri, akaiweka kwenye trei juu ya nyingine. Nilitaka kumwambia atazame ukurasa wa tatu. Nikamwambia asante.

Septemba ile nilishika redio kila siku. Nikasikia nchi zikitia sahihi, moja baada ya nyingine, nyingine ndogo hata wanafunzi wangu hawakuweza kuzionyesha kwenye ramani. Yetu sikuisikia. Siku ile haikutia, mwaka ule haikutia, na kila nilipompigia rafiki yangu aliniambia mambo ya diplomasia huenda taratibu, serikali inaunga mkono, iko njiani. Nilimwambia hata machela huenda taratibu, lakini hushuka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetimiza sheria ya daftari. Nilisimama mbele ya wanachama nikasema nimemkata nani. Kwa nini, sikuweza kusema. Wote walijua yu hai. Baadhi yao walimwona siku za soko ng'ambo ya mto. Lakini kulitamka hilo mbele ya watu wengi hivyo, mwaka ule, kungekuwa kumpeleka kituoni mara ya pili. Kwa hiyo nilisema nimekata jina, nikanyamaza, nao wakanyamaza. Hakuna aliyelia na hakuna aliyenikemea. Ningependa wangenikemea.

Mwenyekiti akauliza, maana lazima iulizwe, ni nani atakayeshika mti wake, kwa kuwa kaya ile sasa haina mwanamume hata mmoja wa zamu.

Nikasema waniandike mimi. Kukatokea kicheko kidogo huko nyuma, kwa sababu wanawake kwetu hufuata machela na vyombo vya mgonjwa, hawashiki miti. Mama mkubwa hakucheka. Alifungua daftari, na juu ya ule mstari wangu, kwa herufi ndogo ili zitoshe, akaandika jina langu.

Nikabeba miaka miwili. Simu ikipigwa Bwera, naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, napanda mlima, naingiza bega. Mwanzoni walinipa mti wa nyuma kwa huruma. Baadaye waliacha huruma. Bega langu la kulia lina gamba gumu, na nguo za mikono mifupi nimeacha kuvaa. Mama mkubwa aliendelea kunipikia na kunisalimu kama mtoto wake. Habari ya kituoni hatukuigusa. Nilikaa kwake nikila maharage yake na jambo lile limekaa nasi mezani.

Mwaka 2019, wakati Ebola ilipokuwa ng'ambo na sote tukinawa mikono kwa maji ya dawa, mama mkubwa alishikwa na tumbo. Zamu haikuwa yangu, lakini hakuna aliyenizuia. Tulimshusha asubuhi, mvua imenyesha na njia inateleza, mimi mti wa mbele kushoto, sikio langu karibu na kichwa chake. Nilisikia kila pumzi. Kila mguu uliposerereka aliguna, na mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo kwamba asifie begani mwangu kabla hatujasemezana.

Karibu na kanisa tulipumzika kubadilisha mabega. Akaniita.

"Ile karatasi ya mabomu," akasema. "Balitia sahihi?"

Alisema kwa Kiswahili, lugha ya kituoni. Sijui kwa nini. Nilimwambia bado. Nilimwambia mlango uko wazi, nchi nyingine zinaendelea kutia, ila yetu bado. Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye waziri.

Alifumba macho muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akayafumbua.

"Basi haijafungwa. Urudishe jina ya mutoto wangu."

Tukamwinua tukaendelea kushuka. Hospitalini walimpasua jioni ile ile, akapona, na siku ya tatu alikuwa anawasema wauguzi kwa kupika uji mwepesi.

Ijumaa iliyofuata, siku ya soko la Mpondwe, nilichapa upya ile sentensi kwenye karatasi safi, nikaikunja ndani ya daftari la maksi. Nikajipanga na wauza ndizi na wanunuzi wa vitenge, nikanawa mikono, nikapimwa joto kwenye paji la uso, nikavuka. Moyo ulikuwa unanienda mbio hata nikadhani kipimo kitasema nina homa.

Nilimkuta kaka yangu huko Kasindi, upande wa Kongo, chini ya turubai, akishona viatu. Alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa. Nilimweleza yote bila kupunguza: majina, kituo, neno nililosema, kalamu. Nikamwambia mti wake ninao mimi. Aliomba nimwonyeshe bega, nikafunua kola. Aligusa lile gamba kwa kidole gumba, kama anavyokagua soli.

Kisha nikampa karatasi. Nikamwambia asitie sahihi ikiwa anaogopa, kwamba itapita njia zile zile, na kwamba mara hii sitasema wala sitakata lolote kwa niaba yake. Aliweka chini kiatu cha watu akasoma. Katika watu wote wa kilima kile, ndiye wa kwanza niliyemwona akiisoma sentensi ile mpaka mwisho, midomo ikitembea. Akaomba kalamu.

Aliandika jina lake lote. Kwenye nafasi ya kijiji alisita, akatazama barabara ya Kongo yenye vumbi na malori, mahali alipokuwa amelala na kula miaka mitatu. Halafu akaandika Mahango.